Mtuze mtoto akionja mboga, lakini usimtuze kwa peremende

Kuna maneno yanayosikika katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira wakati wa chakula cha jioni, na hapana shaka husikika pia Nairobi, Nakuru na Mombasa ambako watu wengi wa Gusii wameenda kutafuta riziki. Mzazi humwambia mtoto: "Maliza mboga hizo, kisha nitakupa soda." Mtoto hufumba macho, humeza, halafu hunyoosha mkono kudai alichoahidiwa. Mzazi naye huridhika kwa kuwa sahani imebaki tupu.

Wataalamu wa lishe na wa malezi wamebishana juu ya ahadi za aina hii kwa muda mrefu. Wako wanaosema kwamba mtoto hafai kulipwa ili ale, na wako wanaosema kwamba bila kichocheo mtoto hatagusa mboga kamwe. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zina ukweli fulani. Zawadi inaweza kumsaidia mtoto wa shule kuzoea chakula bora, mradi itolewe kwa muda mfupi, itolewe kwa kuonja wala si kwa kumaliza sahani, na isiwe kitu cha kuliwa. Zawadi ya peremende, biskuti au soda hubomoa kile kile tunachojaribu kujenga.

NEEMA ILIYO SHAMBANI

Mgeni anayeingia Kisii kwa barabara ya Keroka hakosi kustaajabia rutuba ya nchi hiyo. Kandokando ya barabara kuna migomba, majani chai, miwa, mahindi na miparachichi. Siku ya soko, Daraja Mbili mjini Kisii hufurika ndizi, maparachichi, mananasi na mafungu ya mboga za kienyeji: chinsaga, ambayo watu wa pwani huiita mgagani, rinagu, yaani mnavu au managu, kunde, mchicha, nderema na majani ya maboga. Wimbi, ambao ulisongwa kuwa obokima kabla ya mahindi kutawala, bado unauzwa huko.

Hata hivyo, mali iliyo sokoni si lazima iwe mezani. Mashamba ya Gusii yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hata familia nyingi zimebaki na vipande vidogo, na sehemu ya vipande hivyo imepandwa chai. Mama mwenye miparachichi miwili huuza matunda yangali mtini kwa mchuuzi wa kuyapeleka Nairobi, kwa sababu karo haingoji. Kisha mtoto wake hupewa Sh10 au Sh20 asubuhi, naye hununua mandazi na peremende penye lango la shule. Kwa njia hiyo tunda lenye mafuta mema na vitamini linatoka kijijini, na sukari inaingia.

Jambo hili si la Gusii peke yake. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba watu wazima 94 kati ya kila 100 nchini Kenya hawakuwa wakila mboga na matunda kwa kiasi kinachopendekezwa. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Gramu 350 ni kama ndizi mbivu mbili za kadiri pamoja na sahani ndogo ya mboga zilizopikwa. Hicho si kiasi cha kutisha katika nchi ya migomba.

Ni kweli kwamba tumepiga hatua. Kitaifa, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 26 mwaka wa 2014, na kufikia mwaka wa 2022 walikuwa wamepungua hadi asilimia 18. Lakini kudumaa ni upungufu unaoonekana kwa macho na kupimwa kwa utepe. Upungufu wa madini ya chuma na wa vitamini A waweza kumkaa mtoto ambaye ameshiba ugali na ambaye jirani anamwona mzima.

Katika nyanda za juu za Kisii jambo hili lina uzito wa pekee. Wakazi wa huko wanaikumbuka malaria iliyozuka kwa nguvu mwaka wa 2002 na kujaza hospitali. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na mtoto aliyekuwa na damu kidogo tangu awali huumia zaidi. Baada ya homa kwisha huchoka upesi, husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Mboga za kijani zina madini ya chuma, na mwili huyafyonza vizuri zaidi mtoto anapokula pamoja nazo tunda lenye vitamini C, kama vile pera, chungwa au nanasi. Kwa upande mwingine, chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo yasifyonzwe. Katika nchi inayokuza chai, ambako kikombe huandamana na kila mlo, hilo ni jambo la kuzingatiwa. Chai ya mtoto ingojee angalau saa moja baada ya chakula.

KWA NINI MTOTO HUKATAA MBOGA

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto anayekataa mboga ana kiburi au amedekezwa. Mara nyingi sivyo. Binadamu huzaliwa akipenda utamu, na huzaliwa akishuku uchungu. Ulimi wa mtoto ni mwepesi kuhisi uchungu kuliko wetu, na mboga zilizo bora zaidi ndizo zilizo chungu.

Akina mama wa Gusii walilijua jambo hilo zamani, kabla ya maabara yoyote. Chinsaga haikupelekwa mezani hivi hivi. Ilichemshwa, ikatiwa maziwa, ikaachwa ilale, kisha ikapashwa moto tena hadi ukali wake ukapungua. Mama aliyejifungua alipewa mboga hiyo ili arudishe nguvu na damu, na watoto waliokaa jikoni waliionja kidogo kidogo hata wakaizoea bila mtu kuwashurutisha.

Leo mtoto aliyelelewa katika nyumba ya kupanga mjini Kisii, au katika mtaa wa Embakasi jijini Nairobi, anajua sukuma wiki na kabeji tu. Siku nyanya yake anapompakulia chinsaga, huitema. Mama huona haya, hasira humpanda, na mboga ile haipikwi tena kwa sababu ya watoto.

Watafiti wa lishe ya watoto wamegundua kwamba mtoto huhitaji kuonja chakula kigeni mara nyingi, pengine mara 10 hadi 15, kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara ya pili au ya tatu. Kwa hivyo swali letu halisi si namna ya kumlazimisha mtoto amalize sahani leo. Swali ni namna ya kumfikisha kwenye mara ya 10 bila vita na bila machozi. Hapo ndipo zawadi inapoingia.

UTAFITI UNASEMA NINI

Wanaopinga zawadi wana hoja nzito. Mwaka wa 1973 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwachunguza watoto wa shule ya chekechea waliopenda sana kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo wangechora. Walichora na wakapewa vyeti vyao. Lakini siku zilizofuata, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, watoto hao walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuwa wameahidiwa kitu. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anakitaka?

Mwaka wa 1984 mtafiti Leann Birch na wenzake walionyesha jambo kama hilo kuhusu chakula. Watoto waliotuzwa ili wanywe kinywaji cha maziwa wasichokijua walikipenda kidogo zaidi baadaye kuliko mwanzo. Mtoto alikuwa amejifanyia hesabu yake: ikiwa nalipwa kunywa kitu hiki, basi lazima ni kibaya.

Kwa miaka mingi wengi walidhani kwamba mjadala umekwisha. Halafu majaribio mengine yakaja na matokeo tofauti. Mjini London, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011, watoto 422 wa miaka 4 hadi 6 walihusishwa. Waliokuwa katika majaribio yenyewe waliombwa kuonja mboga wasiyoipenda kwa siku 12. Baadhi walipewa kibandiko chenye picha kila walipoonja, wengine walisifiwa kwa maneno, na wengine hawakupewa kitu. Miezi mitatu baadaye, waliopewa kibandiko na wale waliosifiwa walikuwa bado wanaila mboga ile kwa wingi kuliko watoto ambao hawakuonjeshwa kabisa, na kuipenda kwao hakukuwa kumepungua.

Jimboni Utah, Marekani, watafiti walifanya kazi na shule za msingi 40 zenye watoto wapatao 8,000. Kila mtoto aliyekula angalau kipimo kimoja cha tunda au mboga wakati wa chakula cha mchana alipata tokeni ya senti 25 za dola. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 2016, yalikuwa kwamba ulaji wa matunda na mboga uliongezeka maradufu wakati zawadi zilipokuwa zikitolewa. La maana zaidi ni yale yaliyofuata. Miezi miwili baada ya zawadi kukoma, ulaji ulikuwa bado umezidi ule wa awali kwa asilimia 21 katika shule zilizotoa zawadi kwa wiki tatu, na kwa asilimia 44 katika zile zilizotoa kwa wiki tano.

Je, majaribio haya yanapingana? La. Watoto wa Stanford walituzwa kwa jambo walilokwisha kulipenda, na zawadi ikaharibu upendo huo. Watoto wa London walituzwa kwa jambo wasilolipenda. Hawakuwa na cha kupoteza. Zawadi iliwafikisha kwenye kuonja, na kuonja mara nyingi ndiko kuliko badili ulimi. Hivyo basi kanuni ya kwanza iko wazi. Usimtuze mtoto kwa kula ndizi mbivu, maana ndizi anaipenda. Mtuze kwa kuonja chinsaga au rinagu, na uache kumtuza mara anapoizoea.

PEREMENDE SI ZAWADI

Kanuni ya pili inahusu aina ya zawadi. Mzazi anayesema "kula mboga nikupe soda" anadhani amemfundisha mtoto kula mboga. Kumbe amemfundisha kwamba duniani kuna chakula cha adhabu na chakula cha tuzo, na kwamba mboga iko upande wa adhabu. Mtoto huyo akikua na kupata pesa zake mwenyewe, atajituza kila siku.

Mazoea haya hayako nyumbani tu. Mwalimu hutoa peremende kwa aliyejibu swali. Mtoto aliyeongoza darasa hununuliwa soda na mkate. Ndugu anayefika kutoka Nairobi mwezi wa Desemba hupokewa na watoto wanaotazama mfuko wake, na ndani ya mfuko huo mna mkate mweupe, biskuti na peremende. Kila mmoja wetu hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mtoto hukusanya mafunzo hayo yote na kupata jawabu moja, kwamba sukari ndiyo heshima ya mwenye bidii.

Meno ndiyo hulipa kwanza. Sukari inayokaa mdomoni hulisha viini vinavyotengeneza asidi, na asidi hula jino. Peremende inayonyonywa kwa dakika 20 huumiza jino kuliko kitu kitamu kinachomezwa mara moja. Katika shule za mashambani, ambako daktari wa meno hayuko karibu, jino lililooza huishia kung'olewa.

Zawadi njema basi ni ipi? Kwa mtoto mdogo, kibandiko au nyota inayochorwa kwa kalamu nyekundu kwenye chati ya ukutani inatosha. Kwa mtoto mkubwa kidogo, penseli, kifutio au rula. Zawadi nyingine hazina gharama yoyote: mtoto aliyeonja apewe nafasi ya kupiga kengele, ya kuongoza mstari, au darasa zima liongezewe dakika 10 za kandanda. Sifa nazo zisidharauliwe. Watoto wa London waliosifiwa tu kwa maneno walifaidika pia, na neno jema halinunuliwi dukani.

Ziko tahadhari mbili. Kwanza, zawadi itolewe kwa kuonja, hata kama ni kijiko kimoja. Kumtuza mtoto kwa kumaliza sahani ni kumfundisha kupuuza tumbo lake linapomwambia kwamba limeshiba, na hiyo ni njia ya kuelekea unene. Pili, pasiwe na mashindano ya mshindi mmoja. Tumezoea kutuza nambari moja, mbili na tatu, na waliobaki hupiga makofi. Katika chakula kila aliyeonja ameshinda. Mtoto ambaye nyumbani kwao hamna kitu hafai kuaibishwa mbele ya wenzake kwa sababu chati yake haina nyota. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa chakula kinacholiwa shuleni, si kwa kile ambacho mtoto anasema alikula kwao.

JE, HII SI HONGO?

Nimewasikia watu wakiuliza kama hatutakuwa tunawazoesha watoto "kitu kidogo" tangu utotoni. Ni swali la haki katika nchi ambayo imeumizwa sana na hongo. Lakini hongo hutolewa kwa siri ili mtu apotoshe kazi yake au auze kile ambacho ni haki ya mwingine. Nyota ya kwenye chati hutolewa mbele ya wote, kwa sharti lile lile kwa wote, na anayefaidika ni yule yule anayeipokea. Shule hutoa tuzo kwa hesabu na kwa mbio za mita 800, na hakuna anayeita tuzo hizo hongo.

Wengine husema kwamba wao walikula chinsaga bila zawadi, na aliyekataa alionyeshwa kiboko. Kiboko kimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka wa 2001, na kwa habari ya chakula hakikuwa na faida hata kilipokuwa halali. Mtoto anayelishwa kwa vitisho huunganisha mboga ile na hofu, na watu wazima wasiogusa mboga fulani kwa sababu walilazimishwa utotoni si wachache. Kadhalika, wazee wetu hawakuzoea mboga kwa sababu ya kiboko. Waliizoea kwa sababu ilipikwa vizuri, ilikuwa mezani mara kwa mara, na kila mtu aliyekuwapo aliila. Samaki mkunje angali mbichi, lakini ukimkunja kwa nguvu huvunjika.

Wako pia wanaohofia kwamba mtoto atadai malipo maisha yake yote. Hofu hiyo ni ya kweli iwapo zawadi haina mwisho. Ndiyo sababu nasisitiza muda mfupi. Wiki tano zinatosha. Siku ya kwanza mtoto aambiwe kwamba mchezo huu una mwisho, na mwisho ukifika chati ibanduliwe ukutani, lakini mboga ibaki kwenye sahani.

SOMO LA MAZIWA YA NYAYO

Neno hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika shule za Utah, matunda na mboga zilikuwa tayari kwenye sinia za watoto. Kilichokosekana ni hamu. Katika shule nyingi za umma za Kisii na Nyamira chakula cha mchana hutegemea mifuko ya wazazi, na mara nyingi ni mahindi na maharagwe pekee. Kumwahidi mtoto nyota kwa kula mboga ambayo haiko ni kumdhihaki.

Wakenya wa umri fulani wanaijua vizuri nguvu ya chakula kinachofika shuleni. Mwaka wa 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha mpango wa kuwapa watoto wa shule za msingi maziwa bure, yale tuliyoyaita Maziwa ya Nyayo, katika pakiti ndogo za mililita 200. Wakati huo huo serikali ilikuwa imeondoa malipo yaliyokuwa yakiwazuia watoto wa maskini. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka karibu milioni 3 mwaka wa 1978 hadi zaidi ya milioni 3.6 mwaka wa 1979. Haiwezekani kupima ni wangapi walivutwa na maziwa na wangapi na kufutwa kwa malipo, lakini waulize waliosoma miaka hiyo, watakwambia siku ya maziwa ilikuwa siku gani. Hakuna aliyehitaji kutuzwa ili anywe. Pakiti ilikuwa mkononi, na wenzake wote walikuwa wanakunywa.

Hata hivyo mpango huo ulitegemea hazina moja na magari ya kutoka mbali. Katika miaka ya 1990 ulififia, kisha ukafa, na shule hazikuachiwa hata ng'ombe mmoja. Tujifunze mambo mawili kutoka hapo. Chakula kikiwapo, kikiliwa na wote pamoja, nusu ya kazi imekwisha bila zawadi. Na chakula kinachotoka shuleni penyewe hudumu kuliko kinacholetwa na lori.

Gusii ina kila sababu ya kufaulu katika hili. Chinsaga na rinagu huota upesi. Majani huanza kuchumwa baada ya wiki chache tu tangu mbegu kupandwa. Hazihitaji shamba kubwa, na mbegu zake hutunzwa na akina nyanya vijijini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT), ambaye ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga za kienyeji, amefanya kazi kubwa kuwaonyesha Wakenya kwamba mboga zilizodharauliwa kuwa chakula cha maskini zina virutubishi vinavyoishinda kabeji kwa mbali. Vyama vya 4-K, vilivyoanzishwa katika miaka ya 1960 na kufufuliwa mwaka wa 2021, vimewekwa kwa kazi kama hii. Tena mtoto aliyepanda mboga, akaimwagilia maji na kuichuma kwa mkono wake, huwa mwepesi kuionja.

LA KUFANYA MUHULA UJAO

Ningewashauri walimu wakuu wa Kisii na Nyamira wajaribu jambo dogo muhula ujao. Kipande cha ardhi kilimwe nyuma ya darasa na kupandwa chinsaga, rinagu na kunde likizo ikikaribia kwisha. Mboga zikikomaa, ziongezwe kwenye mahindi na maharagwe mara mbili au tatu kwa wiki, na zipikwe kwa utaratibu wa akina mama wa Gusii wa kuondoa ukali, wala zisichemshwe hadi zikawa uji. Kila darasa liwe na chati, na kila mtoto aonjaye apate nyota yake kwa wiki tano. Mwalimu naye ale mbele yao. Hakuna zawadi inayoweza kufidia mwalimu anayeisifu mboga ubaoni kisha anatuma mtoto amnunulie mandazi.

Kamati za wazazi nazo zizungumze na wachuuzi wa penye lango. Hao ni akina mama wanaotafuta riziki na hawafai kufukuzwa. Lakini ndizi mbivu, njugu na vipande vya nanasi vilivyofunikwa vyaweza kuuzwa kwa Sh10 sawa na peremende, na faida ikapatikana. Siku ya kutuza wanafunzi, badala ya soda na mkate, mtoto apewe mche wa mparachichi uliobebeshwa. Mche huo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Hiyo ni tuzo ambayo familia nzima itaila, na inaposalia itauzwa.

Wizara za afya na za kilimo katika serikali za kaunti zina maafisa wa lishe na wa ugani. Wasingoje mkutano wa hotelini. Mbegu kilo chache, na ziara moja ya afisa kwa kila shule, ni gharama ndogo kuliko kumtibu mtoto mmoja aliyelazwa kwa upungufu wa damu.

Nawe msomaji uliye mjini, ambaye mwezi wa Desemba utapanda gari kuelekea nyumbani, una sehemu yako. Watoto wa ndugu zako watatazama mfuko wako kama kawaida. Wapelekee penseli, vitabu vya hadithi na mpira. Halafu keti nao jikoni kwa mama, upakuliwe chinsaga, na uile wakikuona. Wakionja, wasifu. Wakitema, usiwagombeze, kesho yake wapakulie tena kidogo. Pesa ulizokuwa umetenga za soda, mwachie mama anunue mbegu za mboga na mche wa mpera wa kupanda uani.